Mlango wa gari, ua moja na kiganja cha mkono: kwa wanaoanza kuhariri filamu za mapenzi

Kijana mpya akija kwangu kujifunza kuhariri, huja na kompyuta yake, programu ameshaipakua, na mara nyingi vidole vyake vina kasi kuliko vyangu. Anasubiri nimpe sini, yaani tukio moja la filamu, ya kukata. Mimi nampa filamu ya kutazama. Ni ya mwaka 1931, nyeusi na nyeupe, na kwa karibu saa moja na nusu hutamsikia mhusika hata mmoja akitamka neno likaeleweka. Inaitwa City Lights, ya Charlie Chaplin.

Hapo uso hubadilika. "Mwalimu, mimi nataka kufanya filamu za mapenzi. Huyu si yule wa vichekesho?" Ndiye huyo huyo. Na sijaona filamu nyingine ya mapenzi inayoweza kumfundisha mhariri mambo mengi kama hii. Nimeona niyaandike ninayowaambia wanaokuja, ili na wewe uliye mbali uyapate.

Nianze na mahali nilipoiona mara ya kwanza, kwa sababu somo lote nililipata siku ile, ingawa nilichukua miaka kulielewa.

Nilikuwa na miaka 14, nafanya kazi kwenye kibanda umiza. Mabati juu, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, televisheni moja juu ya meza, deki ya kanda na spika mbili. Kazi yangu ilikuwa kupokea kiingilio mlangoni na kurudisha kanda nyuma ikiisha. Mwenye kipaza sauti alikuwa mzee tuliyemwita Mjomba. Ukiwa umekulia Tanzania au Kenya unaijua kazi yake. Ndiyo iliyompa jina Lufufu kwetu, na DJ Afro kwa jirani zetu. Filamu inasema Kichina au Kihindi, sauti inapunguzwa, na mkalimani anaijaza kwa Kiswahili chake. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anakueleza kinachokuja, anacheka kabla yako. Watu walikuwa wanalipa kumsikiliza yeye kama walivyolipa kuiona filamu.

Siku moja ya masika wateja walikuwa wachache, wengi wao wabeba mizigo wa sokoni waliokuja kujikinga na mvua. Kanda iliyopangwa ikagoma. Mjomba akachomoa nyingine kutoka kwenye boksi, akaiweka. Picha nyeusi na nyeupe, watu wanatembea harakaharaka, hakuna anayesema. "Hii imeharibika sauti!" mmoja akapiga kelele. "Turudishie hela!" Mjomba akashika kipaza sauti, akaanza. Yule mtu mwenye kofia na fimbo akamwita Msela. Yule msichana muuza maua asiyeona akamwita Asha. Akamwekea kila mmoja sauti yake, watu wakatulia, wakacheka, wakasahau hela zao.

Ilipofika sini ya mwisho, Mjomba alishusha kipaza sauti, akakilaza juu ya paja. Sijui kwa nini, sikuwahi kumuuliza. Kibanda kikabaki na muziki wa filamu na mvua juu ya mabati. Kwenye kioo msichana ameshika mkono wa Msela. Na mbeba mizigo mmoja aliyekaa benchi la mbele, jitu la miraba minne, akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe: "Amemjua."

Hakuna aliyecheka. Nakwambia, nimeshakaa kwenye maonyesho mengi ya filamu zangu na za wenzangu, na kila mara nasikiliza kama kuna mtu gizani atalitamka neno la namna ile.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Filamu za kusema zilikuwa zimeanza kushika Marekani tangu 1927. Kufika 1931 Hollywood nzima ilikuwa inazungumza. Chaplin alikuwa na studio yake na alitumia fedha zake mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumlazimisha. Akakataa yule mtu wake wa kofia na fimbo aongee. Muziki ulirekodiwa pamoja na filamu, na sehemu kubwa aliutunga yeye. Ila wimbo wa msichana wa maua unatokana na "La Violetera" wa Mhispania José Padilla. Mwanzoni kabisa kuna uzinduzi wa sanamu, wakubwa wanasimama kuhutubia, na badala ya maneno kunatoka milio kama ya filimbi iliyopasuka. Watu hucheka, na wana haki. Lakini wewe mhariri sikiliza vizuri: anakutangazia mapema kwamba humu ndani usitegemee mdomo wa mtu.

Baada ya hapo inakuja sini ya msichana, ambayo nimeitazama labda mara mia na bado naitazama.

Fikiria tatizo alilokuwa nalo. Mtu fukara wa nguo chakavu anakutana na msichana asiyeona anayeuza maua pembeni ya barabara. Hadithi yote inadai msichana amdhanie tajiri. Utafanyaje, bila maneno? Sisi wa leo tungeweka mtu apite na kusema, "Shikamoo bosi!" Basi, tatizo limekwisha, na mapenzi yamekwisha hapo hapo. Chaplin alikwama hapa kwa muda mrefu. Upigaji picha ulianza mwisho wa 1928 na ukaendelea hadi 1930, na sini hii aliirudia na kuirudia. Katikati akamwachisha kazi Virginia Cherrill, aliyemwigiza msichana wa maua na ambaye hakuwa na uzoefu wa kuigiza, akamjaribu mwigizaji mwingine, kisha akamrudisha.

Jibu alilolipata ni mlango wa gari. Barabara imejaa magari, Msela (niruhusu nibaki na jina la Mjomba) anataka kuvuka. Kuna gari la kifahari limesimama. Anaingia mlango wa upande huu, anatokea mlango wa upande wa pili, anaufunga nyuma yake. Msichana anasikia mlango wa gari kubwa ukifungwa, anajua mwenye gari ameshuka, ananyoosha ua. Anamnyooshea yeye. Ua linaanguka, yeye analiokota, lakini msichana anaendelea kupapasa chini. Hapo ndipo Msela anapotambua kuwa msichana haoni. Mtazame usoni wakati ule. Mzaha wote unamtoka.

Anampa sarafu. Kabla chenji haijafika mkononi, mwenye gari halisi anakuja, anaingia, anafunga mlango, gari linaondoka. Msichana anaona moyoni mwake kwamba mteja ameondoka na kumwachia chenji. Na Msela amesimama pale pale, hatua moja mbele yake.

Umeona? Mlango mmoja, mara mbili. Mara ya kwanza umemfanya tajiri, mara ya pili umemwondoa. Na sasa hawezi kusema neno, kwa sababu akisema tu atakuwa hajaondoka, na msichana atalazimika kumrudishia chenji. Anaondoka kwa ncha za vidole, kisha anarudi kimyakimya, anakaa pembeni amtazame. Msichana anasuuza chombo cha maua na kumwaga maji. Yanampata usoni, na hata kupiga kelele hawezi.

Nataka uikamate hoja hii kabla hujaendelea. Ukimya wa sini ile haukuletwa na ukosefu wa mitambo, wala na mwongozaji anayetaka kuonekana msanii. Yule mwanamume mwenyewe ana sababu ya kunyamaza. Akifungua mdomo atapoteza kitu. Filamu nyingi ninazoletewa na vijana zina ukimya usio na mwenyewe: wapenzi wawili wamekaa ufukweni wanatazama bahari kwa dakika mbili, upepo unapuliza mtandio, na ukiuliza kwa nini hawaongei, unaambiwa "ili iwe na hisia." Huo ni ukimya wa mwongozaji, mtazamaji anaunusa mara moja na mkono wake unakwenda kwenye simu.

Kwa hiyo chukua daftari. Karatasi ya kweli na kalamu, maana ukiandika kwenye simu utaishia kusoma ujumbe. Chora safu tatu: msichana anajua nini, mwanamume anajua nini, sisi tunajua nini. Tazama sini ile taratibu, na kila jambo jipya linapoingia kwenye safu yoyote, andika dakika na sekunde. Utagundua kwamba safu hizo hazilingani hata mara moja. Yeye anasikia mlango ambao sisi tunauona tu. Sisi tunaona matambara ambayo yeye hayaoni. Msela anajifunza kuwa haoni baada yetu kidogo, au kabla yetu kidogo, inategemea ulikuwa makini kiasi gani. Mapenzi ya filamu hii yamejaa kwenye tofauti ya safu hizo. Siku nilipoanza kuandika hivi ndipo nilipojua pa kukata. Kata pale safu mojawapo inapobadilika. Isipobadilika, acha picha iendelee, au itupe.

Kuna sini ya uzi, fupi tu. Msela amemtembelea msichana nyumbani, anamshikia uzi akunje donge. Msichana kwa bahati mbaya anakamata uzi wa fulana ya ndani ya Msela na kuanza kuuvuta. Fulana inafumuka kidogokidogo mwilini mwake, naye anaacha ifumuke. Andika kwenye daftari lako. Sitaieleza zaidi, nataka uione mwenyewe.

Filamu ina mengine mengi: tajiri mlevi anayempenda akilewa na kumkana akipata fahamu, kazi ya kufagia barabara, pambano la ngumi ambalo kila mtu hulicheka. Hayo furahia tu. Unachotakiwa kukumbuka ni kwamba mwisho wake Msela anapata dola 1,000 kutoka kwa yule tajiri, anadhaniwa mwizi, anakimbia nazo mpaka kwa msichana ili akatibiwe macho. Anampa fungu, anabakiza noti moja mfukoni. Msichana anaubusu mkono wake. Anaitoa na ile noti ya mwisho. Kisha anakwenda kukamatwa.

Mkono ule uliobusiwa, ukumbuke.

Miezi inapita. Ametoka gerezani, nguo zimechanika kuliko mwanzo, hata fimbo hana. Msichana anaona sasa, ana duka zuri la maua. Kijana wa kitajiri anaingia kununua maua na uso wa msichana unawaka kidogo: ndiye? Siye. Nje, wavulana wauza magazeti wanamchokoza Msela, yeye anainama kuokota ua lililotupwa kwenye mfereji. Anageuka, anamwona dirishani. Anatabasamu na kuganda vile vile, na ua mkononi linapukutika petali. Msichana anacheka, anaona amempata mpenzi wa barabarani. Kwa huruma anatoka na ua jipya na sarafu. Yeye anajaribu kuondoka. Msichana anamshika mkono, amtilie sarafu kiganjani.

Na hapo vidole vyake vinasimama.

Macho yake yanafanya kazi, lakini macho hayamwambii kitu, hayajawahi kumwona mtu huyu. Ni mkono unaomkumbuka. Anapapasa kiganja, vidole vinapanda kwenye mkono mpaka kwenye koti. Uso wake unapoteza kicheko taratibu. Kisha yanakuja maandishi machache sana. "Wewe?" Anaitikia kwa kichwa. "Sasa unaona?" "Ndiyo, sasa naona." Amesimama na ua karibu na mdomo, anatabasamu kwa hofu, na picha inafifia.

Rudi kwenye daftari. Kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze, safu tatu zimelingana. Wote tunajua. Na filamu inaishia hapo hapo, haiendelei hata dakika moja. Kule kibandani watu walibishana hadi mvua ikakatika: atamchukua? hamchukui? Yule wa benchi la mbele hakubishana na mtu.

Angalia pia kamera inasimama wapi. Muda mwingi wa filamu Chaplin anapenda kumwonyesha mtu mwili mzima, kwa sababu mwili wake ndio unaosema. Nyuso za karibu kaziweka akiba. Mwishoni anazitoa, nazo zinakupiga kwa sababu hazijachoshwa. Sisi wa tamthilia tumezoea kukata uso, uso, uso tangu dakika ya kwanza, halafu machozi yanapokuja hatuna mahali pengine pa kusogea. Ukipewa picha nyingi za karibu na kameramani wako, usizitumie zote. Panga tangu mwanzo ile moja utakayoitumia ni ipi, kisha ilinde.

Nikusimulie kosa, maana linahusu hili hili. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri filamu ya ndoa moja iliyoyumba. Kulikuwa na sini mume anarudi usiku kutoka safari baada ya ugomvi mkubwa. Nyumba kimya. Mezani kuna sahani imefunikwa kwa kawa, na pembeni vikombe viwili. Anafunua kawa, mvuke unatoka, chakula bado cha moto. Anatazama kikombe cha pili. Anakaa, hali, anasubiri. Niliiacha sekunde 22 bila sauti yoyote ila ya jogoo wa mbali na feni. Nilijivunia sana sini ile.

Aliyelipia kazi akaiangalia, akaagiza mambo mawili: wimbo, na sauti ya mume akiwaza, "Kumbe bado ananipenda." Nikabishana, nikashindwa, tukaweka. Siku ya onyesho nilikaa nyuma nikatazama migongo ya watu. Sauti ya mawazo ilipoanza tu, simu zikawaka. Niliumia, na kwa muda mrefu nilisimulia kisa hiki kama kisa cha mtu wa fedha asiyejua sanaa.

Baadaye niliitazama tena filamu nzima nikiwa na daftari la safu tatu, nikaona jambo lililonisikitisha zaidi. Hakuna sehemu yoyote kabla ya hapo tulipoonyesha kwamba kwenye nyumba ile mke aliacha kumfunikia mumewe chakula. Ugomvi wote ulikuwa wa maneno. Kawa ilionekana mara moja tu, usiku ule. Mtazamaji angejuaje kwamba kufunikwa kwa sahani ni msamaha? Kwake ilikuwa sahani imefunikwa, basi. Yule bwana alihisi kuna pengo, akaliziba kwa kitu alichokuwa nacho mkononi. Dawa aliyoitoa ilikuwa mbaya, lakini ugonjwa aliuona sawasawa. Kama mapema tungeonyesha sahani iko wazi, inzi juu yake, mume anakula chakula kimepoa, sekunde 22 zingesimama zenyewe. Mlango wa gari lazima ufungwe mara ya kwanza ndipo ufungwe mara ya pili.

Ndiyo maana nakuomba, ukipewa skripti ya mapenzi, isome kwa kutafuta vitu badala ya mazungumzo. Kitu gani kinaonekana zaidi ya mara moja? Nani anakishika, nani anakiacha? Kama hakuna, mwambie mwandishi mapema, kabla ya siku za lokesheni, maana kwenye meza ya kuhariri huwezi kuumba kawa ambayo haikupigwa picha.

Na hapa nina neno na wewe kama mtu wa hapa nyumbani. Vijana wengi huniambia mapenzi ya kimyakimya ni mambo ya Wazungu, ya Wajapani, kwamba hadhira yetu inataka kusikia "nakupenda" mara kumi. Mimi nakataa kwa moyo wote. Bibi zetu wa pwani waliufanya ukimya kuwa ufundi. Mwanamke ananunua kanga kwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, anaivaa siku anayoitaka, anapita mbele ya anayemtaka aione, na hakuna aliyesema kitu. Asumini inamwagwa kitandani. Kikuba, kile kishada cha maua na majani ya manukato, kinavaliwa jioni fulani na si nyingine, na mume anajua. Mshenga anatumwa kwa sababu kuna maneno ambayo mhusika mwenyewe hatayasema. Watu waliolelewa hivyo unawaambiaje kuwa hawataelewa ua mkononi mwa mtu? Mbeba mizigo wa sokoni alielewa kabla yangu mimi niliyekuja kuwa mhariri.

Ukishaielewa City Lights, na usiruke hatua hii, tazama In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, ya mwaka 2000. Inaanzia Hong Kong mwaka 1962. Humo watu wanaongea, ila jambo kubwa ndilo halisemwi. Mwanamume na mwanamke, kila mmoja na ndoa yake, wanahamia vyumba jirani siku moja. Polepole wanagundua kuwa wenzi wao wana uhusiano. Wanagunduaje? Mkoba wa mwanamke unafanana na wa mke wa jirani, tai ya jirani inafanana na ya mumewe. Mkoba na tai. Na hao wenzi wawili hatuonyeshwi nyuso zao filamu nzima, tunaona mgongo, tunasikia sauti.

Kuna mahali mwanamke anashuka ngazi nyembamba kwenda kununua tambi, ameshika chombo chake, na muziki ule ule wa fidla wa Shigeru Umebayashi unarudi. Wanapishana na yule mwanamume kwenye ngazi. Tena, na tena. Utajuaje kuwa siku zimepita? Gauni limebadilika. Aliyebuni magauni yale ni William Chang, na ndiye huyo huyo aliyeihariri filamu. Kaa na jambo hilo kidogo. Mhariri anayejua kila gauni lilivaliwa siku gani anaweza kukata wiki nzima kwa kubadilisha kola tu. Siku ya kupiga picha nenda lokesheni, hata kama hawajakuita, uzungumze na dada wa mavazi.

Kwa nini nasema usianze na hii? Kwa sababu uzuri wake unaambukiza vibaya. Vijana wakiiona wanarudi na mwendo wa taratibu na taa nyekundu kila mahali, wanaiga ngozi. City Lights haina kitu cha kuiga kwa macho, kwa hiyo inakulazimisha uone mifupa.

Kuhusu namna ya kutazama nitasema haraka. Mara ya kwanza tazama kama mtu wa kawaida, simu iko chumba kingine, usisome maelezo yoyote kabla. Mara ya pili zima sauti kabisa. Mara ya tatu funga macho na usikilize muziki peke yake, utie alama unapoingia. Mara nyingi utakuta muziki mzuri unachelewa: jambo linatokea, wewe unalihisi, ndipo unaingia kukuunga mkono. Muziki unaotangulia unakuambia uhisi nini, na mtu mzima hapendi kuambiwa. Ukipata nafasi, itazame na watu ambao hawana habari na filamu kabisa, ukae nyuma yao. Benchi linapoacha kulia, andika dakika.

Zoezi langu la kwanza ni hili, na sijalibadilisha kwa miaka mingi. Sekunde 90. Watu wawili, kitu kimoja, kosa moja: mmoja amedhani jambo ambalo si kweli kuhusu mwenzake, na yule mwenzake ana sababu ya kutolisahihisha. Hakuna neno, hakuna wimbo, hakuna maandishi. Kitu hicho kionekane mara mbili, na mara ya pili kiwe na maana nyingine. Piga hata kwa simu, waigize ndugu zako. Ukimaliza mwonyeshe mtu mmoja asiyejua umefanya nini, jirani, mama anayekuuzia vitumbua asubuhi. Usimuulize kama ameipenda, atakujibu kwa adabu tu. Muulize nani amejua nini, na amelijua saa ngapi. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, usilisahihishe.

Halafu niletee vyote viwili, video kwenye flashi na daftari la safu tatu. Daftari nitalisoma kwanza.